Nyundo, skleromita, pakometa au rada: uanze na kipi kupima daraja la zege?

Simu huanza mwezi wa tisa, vumbi likiwa bado limetanda Lubumbashi na watu wakihesabu wiki za kusubiri mvua. Anayepiga ana daraja la zege kwenye njia yake. Labda ni padri ambaye shule ya parokia iko ng'ambo ya mto, labda mwenye shimo la mchanga, labda injeniere kijana aliyetupiwa kazi na shefu wake jana jioni. Swali ni lile lile: kipimo cha daraja ni bei gani? Nami namjibu kama muuza dawa: linaumwa wapi?

Maana kipimo cha daraja hakipo. Vipo vipimo kadhaa vya kuchunguza zege bila kulivunja, na kila kimoja kinaona ugonjwa wake huku kikiwa kipofu kwa mingine. Ukinunua kifaa kabla ya kujua unatafuta nini, utapata namba nzuri zenye desimali mbili kuhusu jambo ambalo halikuwa swali.

Hapa nalinganisha vile ambavyo mtu wa hapa anaweza kuvinunua, kuvikodi au kuviunda mwenyewe. Na nisijifiche: kile kinachonunuliwa kwanza na karibu kila ofisi, skleromita, ndicho ninachokiweka karibu na mwisho.

Ugonjwa wa kwetu

Vitabu vingi vya ukaguzi wa madaraja vimeandikwa na watu wa nchi za theluji. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, chumvi inazama na maji ndani ya zege mpaka kwenye nondo, kutu inaanza. Ndiyo maana kurasa zao zimejaa kloridi, ile iliyomo ndani ya chumvi. Lubumbashi iko mbali na bahari zote mbili, na hakuna anayemwaga chumvi kwenye barabara ya Kasumbalesa. Ukifuata vitabu hivyo neno kwa neno, utatumia pesa kumtafuta mwizi asiyeishi mtaa huu.

Mwizi wetu ni hewa. Zege changa lina alikali kali, pH yake hufika 12.5 hata 13, na katika hali hiyo nondo huvaa ngozi nyembamba sana inayoikinga na kutu. Kaboni dioksidi ya hewani huingia kidogo kidogo na kuila ile alikali. pH ikishuka chini ya 9, ngozi ile inatoka. Hapo maji na oksijeni vikifika, kutu inaanza, nayo huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa. Zege linasukumwa kutoka ndani, linapasuka sambamba na nondo, kisha linabanduka vipande.

Kaboni hupenda zege lililokauka kiasi, si lililolowa wala lililokauka kabisa. Kiangazi chetu kirefu kinaipa nafasi hiyo, hasa chini ya daraja pasipopigwa na mvua. Lakini kutu yenyewe inataka maji. Kwa hiyo mahali pabaya kabisa ni pale kaboni ilipoingia wakati wa kiangazi na bomba la kutolea maji limeziba, kila mvua inachuruzika juu ya boriti ile ile. Tafuta mstari mweusi wenye ukungu mweupe kandokando. Jicho ndilo kipimo cha kwanza na halikodishwi.

Ongeza mambo mawili ya Katanga. Malori ya shaba yana uzito ambao waliochora madaraja ya zamani hawakuufikiria. Na palipo na mto unaopokea maji ya viwanda vya madini, miguu ya nguzo inaweza kulika kwa asidi na salfeti. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa: zege lenyewe linakuwa laini, hata kama nondo bado ni nzima.

Nyundo ya fundi na nyundo ya Schmidt

Siku moja niliingia chini ya daraja dogo na papa mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwa na nyundo ya nusu kilo na chaki ya buluu, basi. Alianza kugonga boriti kutoka kwenye nguzo, hatua kwa hatua, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ngi, ngi, ngi. Halafu: mbo. Akarudi nyuma kiganja kimoja: ngi. Akasogea tena: mbo.

"Umesikia, mwana? Hapa hodi haiitikiwi."

Akazungushia duara. Kwa saa mbili tulikuwa na maduara kumi na moja, yote upande wa mabomba yaliyoziba. Hiyo ndiyo ramani ya mbanduko, na hakuna mashine ingeipata kwa haraka ile. Kugonga kuna mipaka yake: sikio linapata tabaka lililoachana karibu na uso tu, sentimita chache. Kwa sakafu ya juu, vuta mnyororo mzito juu ya zege ukisikiliza, lakini lami ikiwa juu sauti inapotea. Na ufanye alfajiri, kabla malori hayajaanza.

Skleromita ni nyundo ya aina nyingine. Mswisi Ernst Schmidt aliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1940: springi inarusha kipande cha chuma dhidi ya zege, kinarudi nyuma, wewe unasoma kimerudi kiasi gani. Ni kifaa kizuri, chepesi, na mtu anajifunza kukitumia kwa asubuhi moja. Wepesi huo ndio mtego wake. Hupimi nguvu ya zege, unapima ugumu wa ngozi yake kwa sentimita mbili tatu za nje. Na ile kaboni niliyoieleza hufanya ngozi ya zege kuwa ngumu zaidi. Zege la miaka 60 lililoliwa na kaboni hurudisha namba kubwa kuliko linavyostahili. Chati iliyobandikwa ubavuni mwa kifaa ilitokana na zege changa, la wiki chache tu.

Niliwahi kuletewa ripoti ya kampuni moja kuhusu daraja la enzi za wakoloni. Walipiga mahali patatu, pote kwenye nguzo, pote kwa urefu ambao mtu anafika akiwa amesimama chini. Wastani wa namba: 47. Wakasoma chati, wakaandika karibu megapaskali 50 (kipimo cha nguvu ya zege), wakapiga muhuri. Tulipokata karoti (ndivyo tunavyoita hapa ile silinda ya zege inayotolewa kwa mashine), nguzo ile ile ilivunjika kwenye megapaskali 22. Mwenye daraja alikuwa ameshalipa, na tayari alikuwa ameruhusu magari mazito.

Sisemi skleromita itupwe. Itumie kulinganisha mahali na mahali kwenye daraja moja: boriti hii inarudisha 44, ile 31, basi karoti ikatwe kwenye ile ya 31. Lainisha uso kwa jiwe la kusagia, piga angalau mara tisa katika eneo dogo, kila pigo mbali na jingine kwa milimita 25 au zaidi. Kumbuka kwamba ukipiga kuelekea juu, chini ya sakafu ya daraja, uzito wenyewe wa kile chuma unakisaidia kurudi, kwa hiyo namba inapanda na lazima isahihishwe. Zege lililolowa nalo linashusha namba. Usilinganishe namba za mwezi wa pili na za mwezi wa saba.

Pakometa na chupa ya zambarau

Kama ningeruhusiwa kununua vitu viwili tu, ningenunua hivi.

Pakometa hutafuta nondo kwa uga wa sumaku na kukuambia iko ndani milimita ngapi. Umbali huo, kutoka uso wa zege hadi nondo, mafundi wa hapa wanauita enrobaje, na ndio bima ya daraja zima. Kifaa hakipendi nondo zilizobanana: huziona kama moja nene iliyo karibu. Pia ukikosea kipenyo cha nondo, kina nacho kitakosewa. Ndiyo maana mahali pamoja unachimba kidogo, unapima kwa rula, unarekebisha.

Shimo hilo hilo ndilo la kutumia chupa ya pili. Fenolftaleini ni unga mweupe wa maabara, gramu moja unaiyeyusha katika kama mililita 100 za alkoholi. Unabomoa kona ya zege kwa patasi, unapuliza vumbi, unanyunyiza mara moja. Zege lenye alikali linageuka zambarau la kupendeza. Lililoliwa na kaboni linabaki rangi yake. Unaweka rula: milimita 20 hakuna rangi, kisha zambarau. Mtu ambaye hakusoma hata darasa moja la kemia anaona kwa macho yake, na hii ni faida kubwa unapoongea na kamati ya parokia. Tahadhari moja: usinyunyize kwenye tundu la dirili bila kulisafisha, unga wa ndani unajipaka ukutani na kukudanganya.

Sasa ziweke namba mbili pamoja. Kaboni haiendi kwa mwendo uleule, inapunguza kasi kadiri inavyoingia: kina chake hufuata kipeuo cha pili cha miaka. Daraja la miaka 25 lenye kina cha milimita 20 lina kasi ya 4 (20 gawanya kwa 5, kipeuo cha 25). Enrobaje ikiwa milimita 25, kaboni itafika kwenye nondo mwaka wa 39. Enrobaje ikiwa 40, utasubiri miaka 100. Kwa nondo ileile na saruji ileile, milimita 15 za uzembe wa fundi wa ubao zimekula miaka 61. Sijui kipimo kingine cha bei hiyo kinachozungumza na siku za mbele namna hii.

Na rada? Inafanya kazi ya pakometa na zaidi. Unaisukuma kama kigari, mawimbi ya redio yanaingia, yanagonga chuma na matundu, yanarudi. Kwa antena za gigahezi moja na nusu hivi unaona nondo za safu ya pili, unene wa sakafu, hata chini ya lami. Pakometa hapo imeshanyamaza. Lakini bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, zege lililolowa linayameza mawimbi, na picha zake ni vilima vilivyopindukiana ambavyo asiyefundishwa atavisoma kama mganga anavyosoma mifupa. Kodi rada pamoja na mtu wake, usikodi rada peke yake.

Kuna hali moja ambapo sitakuuliza bajeti. Kama daraja lina kebo zilizovutwa ndani ya zege, zile za boriti ndefu nyembamba, lazima ujue zinapita wapi kabla hujatoboa chochote. Hapo rada si anasa. Hata hivyo nayo ina mpaka: kebo ikiwa ndani ya bomba la chuma, rada inaona bomba, haioni kilichomo. Daraja la Morandi kule Genova, Italia, lilianguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Kebo zake kuu zilikuwa zimevikwa zege, jicho halikuweza kuzifikia. Daraja la Carola mjini Dresden lilikatika sehemu usiku wa tarehe 11 Septemba 2024, chuma kilichovutwa kikiwa kimepasuka ndani kwa kutu, na kwa bahati hakuna aliyeumia. Nchi hizo hazikukosa mashine.

Volti na shaba yetu wenyewe

Fenolftaleini inakuambia kama kutu imefunguliwa mlango. Haikuambii kama imeshaingia. Kazi hiyo ni ya nusu-seli, na hapa nina furaha ya mtu wa Katanga, kwa sababu moyo wa kifaa ni kijiti cha shaba ndani ya maji yaliyoshiba salfeti ya shaba. Hebu fikiria kuagiza hicho kutoka Ulaya ukiwa Lubumbashi! Bomba la plastiki, kizibo cha sponji chini, kijiti cha shaba safi, maji ya salfeti yenye fuwele ambazo hazijayeyuka zikionekana chini. Waya mmoja unaunganishwa kwenye nondo iliyochimbuliwa, mwingine kwenye kijiti, katikati multimita nzuri ya dijitali. Lowesha zege, gusa kila nusu mita, andika.

Ikisomeka juu ya millivolti hasi 200, uwezekano wa kutokuwa na kutu pale wakati huo unazidi asilimia 90. Chini ya hasi 350, uwezekano wa kutu ndio unazidi asilimia 90. Katikati ni kijivu. Mipaka hiyo ni ya kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM C876, na ilitokana na madaraja ya chumvi. Kwenye zege la kaboni namba zinaweza kukaa juu kidogo huku kutu ikiendelea. Kwa hiyo mimi husoma ramani, si namba: mahali ambapo volti zinashuka ghafla katika mita moja, hapo ndipo pa kuchimba. Mwezi wa saba zege likiwa kavu kama tofali, lowesha mapema na usubiri namba zitulie, la sivyo unapima ukavu.

Nusu-seli haisemi kutu inakwenda kasi gani. Kifaa cha kupima ukinzani wa umeme wa zege, chenye pini nne, kinasaidia kidogo: zaidi ya kilo-omu-sentimita 20 kutu huwa polepole, chini ya 5 huenda mbio. Ukiwa na pesa kidogo, acha hiki.

Ultrasoni, mwangwi na kamera ya joto, kwa kifupi

Ultrasoni ni kwa nguzo na boriti unazoweza kuzifikia pande zote mbili. Paka grisi, bana vichwa viwili, soma muda. Nguzo ya milimita 600 ikivukwa kwa maikrosekunde 150, kasi ni kilomita 4 kwa sekunde: zege zuri. Ikichukua 200, ni kilomita 3 na una jambo la kueleza. Kwa miguu ya nguzo iliyolikwa na asidi nakiona hiki kuwa bora kuliko skleromita, kwa kuwa kinapita katikati ya zege na si ngozini. Adui yake ni nondo, kwa vile sauti hukimbia zaidi ndani ya chuma: usipime sambamba na nondo nene.

Ukifika upande mmoja tu, kama sakafu ya daraja, ultrasoni ya kawaida inayumba. Hapo huchukua nafasi kipimo cha mwangwi: unagonga kwa kigololi cha chuma, kihisi kinasikiliza. Sakafu nzima ya milimita 200 italia karibu na kilohezi 9.6, ikiwa imeachana katikati, mlio unapanda mpaka mara mbili yake. Ni ile nyundo ya papa wa reli iliyopewa masikio ya kompyuta, na inasikia kina ambacho yeye hasikii. Mjini kwetu sijakutana na nyingi za kukodi.

Kamera ya joto inapendeza kwenye ripoti. Mahali palipobanduka hupata joto haraka juani na kupoa haraka usiku, na kiangazi chetu, chenye asubuhi za kutetemeka na mchana wa jua kali, kinaifaa sana. Lakini chini ya daraja jua halifiki, na madoa ya oili ya malori huonekana kama ugonjwa. Kwa sakafu kubwa, kodi nusu siku. Kwa daraja la mita kumi, nunua chaki.

Uchague nini basi

Daraja dogo la kijiji au la mtaani, nondo za kawaida, pesa za mchango: jicho, nyundo, fenolftaleini, na pakometa ya kukodi siku moja. Watu wawili na ngazi nzuri. Ukipata enrobaje ya milimita 15 na kaboni ya 25 kwenye boriti zinazochuruzikiwa, umeshajua kila kitu unachohitaji ili kuzibua mabomba na kumwita mtu wa kukarabati. Skleromita ikija na fundi bure, sawa. Usiilipie.

Daraja linalopitiwa na malori: ongeza nusu-seli kwenye kila boriti, na ultrasoni kwenye nguzo. Hapa ndipo skleromita inapopata kazi yake halali, kuchagua pa kukata karoti. Na karoti zikatwe, tatu nne hivi, hata kama umeniambia hutaki kuvunja. Mhandisi atakayepiga hesabu ya mzigo anahitaji megapaskali za kweli. Kabla ya hesabu hiyo hakuna kifaa katika vyote hivi kinachoweza kukuambia lori la tani ngapi lipite, na anayekuambia kinaweza, mwombe akuandikie na kusaini.

Daraja lenye kebo zilizovutwa, au usilojua kama zimo: usimwite mtu wa dirili. Tafuta michoro kwanza. Kama ni barabara ya taifa gonga Office des Routes, kama ni ya mjini OVD (ofisi ya barabara za mijini na mifereji), hata ukirudishwa kesho mara tatu. Kisha rada na mtaalamu wake, kisha vingine.

Kuhusu msimu, ningependa mwezi wa tano na wa sita. Mto umeshuka, ngazi inasimama, na madoa ya maji ya mvua zilizopita bado yanasomeka ukutani. Ukingoja mwezi wa tisa kama wanaonipigia simu, utapima kwa haraka na kukarabati ndani ya matope.

Na kila tundu ulilochimba, la fenolftaleini, la waya wa nusu-seli, la karoti, lizibe siku hiyo hiyo kwa chokaa cha saruji kisichosinyaa, ukilowesha kwanza. Nimerudi kwenye madaraja nikakuta kutu mbichi ikitoka kwenye shimo la mkaguzi, na mara moja shimo lilikuwa langu.